Vifaa, Vipaza Sauti, Vibovu

Mhariri wa redio alikuwa ameuma meno mpaka taya zinamuuma. Mbele yake ilikuwa ile kompyuta kuukuu ya maktaba ya sauti, na ndani yake programu aliyoichukia kuliko foleni ya benki. Upande wa kushoto wa kioo kulikuwa na folda zilizopangwa kama mti. Unabonyeza alama ya kujumlisha, shina linatoa matawi. Unabonyeza tawi, linatoa vitawi. Unabonyeza kitawi, nacho kinakuletea alama nyingine ya kujumlisha, na wewe uliyekuja kutafuta kitu kimoja tu unaanza kusahau ulikuja kutafuta nini.

Aliyeupanda mti huo alikuwa baba yake mzazi. Alikuwa fundi mitambo wa redio hiyo tangu binti yake hajaota meno, kisha akastaafu na kuondoka na siri zote za mpangilio wake kichwani. Sasa programu ilikuwa inafutwa adhuhuri hiyo hiyo. Vipindi vilikwisha kuhamishwa kwenye mfumo mpya. Yaliyobaki yaliitwa takataka, na mtaalamu wa kompyuta alisimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja kuzifuta.

Katika takataka hizo kulikuwa na sauti ya mama. Mama alifariki mhariri angali anabebwa mgongoni. Sura yake aliijua, picha zipo ukutani, lakini sauti hakuijua hata kidogo. Asubuhi hiyo tu, aliposikia programu inafutwa, ndipo baba alipotamka, kama mtu anayeulizia chai, kwamba aliwahi kumrekodi. Mhariri alipomuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, alijibiwa, "Hukuniuliza."

Sasa alikuwa naye kwenye simu, ameibana kati ya sikio na bega.

"Baba, nimefungua Watu, hayumo. Nimefungua Familia, hayumo."

"Kwenye Watu utampataje?" baba alishangaa kwelikweli. "Fungua Vifaa. Halafu Vipaza Sauti."

"Mama ni kifaa?"

"Aliongea kwenye kipaza sauti, sivyo? Basi yuko chini ya kipaza sauti chake."

Huyo ndiye baba, na hakuna wa kumbadilisha. Nyumbani kwake betri ziko ndani ya kopo, kopo liko ndani ya mfuko, mfuko uko ndani ya sanduku, na sanduku liko juu ya kabati. Ukimuuliza betri ziko wapi, anashangaa unapiga kelele za nini. Mkasi tu ndio unaoning'inia wazi, kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni.

Mhariri aliandika "mama" kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu ikamjibu kwamba hakuna kilichopatikana, maana ilitafuta ndani ya tawi lililo wazi tu na kwingine haikujisumbua. Akabonyeza kitufe cha kurudi. Matawi yote yakajifunga, puu, akabaki na shina. Damu ikamchemka. Akaanza upya: Vifaa, Vipaza Sauti.

"Kuna Vizima na Vibovu," alisema.

"Vibovu."

"Baba. Mke wako umemweka kwenye Vibovu?"

"Kilikuwa kinakwaruza. Ningemweka kwenye Vizima ningekuwa mwongo."

Hapo mhariri aliishiwa subira. Akaikandamiza ile Vibovu kwa hasira, kidole kikang'ang'ania kwenye kipanya, mkono ukateleza, na tawi zima likang'oka mahali pake na kutoweka. Programu haikumuuliza hata kama ana uhakika.

"Umeliburuta," alisema mtaalamu kutoka mlangoni.

"Nimeona."

"Limeangukia ndani ya tawi jingine. Programu hii haina kitufe cha kutendua, ukikosea umekosea." Akatazama saa. "Na mimi muda wangu umefika, dada."

"Ngoja kidogo, tafadhali."

"Usiguse kitu," baba alisema kwenye simu.

"Nimekwisha gusa, Baba."

Sauti ya baba ikashuka. "Nakala ni hiyo moja tu, mwanangu."

Mhariri alikuwa amemtafuta mama asubuhi nzima, na sasa amempoteza kwa kidole chake mwenyewe.

"Mkono ulikwenda juu au chini?" baba aliuliza.

"Juu."

"Juu ya Vipaza Sauti kuna nini?"

"Spika. Na Nyaya."

Akafungua Spika, hamna. Akafungua Nyaya: Fupi, Ndefu, Zilizokatika. Na chini kabisa, limejibanza kama paka aliyevunja sahani, tawi la Vibovu. Ndani yake mlikuwa na faili moja. Akaifungua na kuisogeza simu karibu na spika.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Kisha mwanamke akasema, "Nauliza kwa mara ya mwisho, mkasi uko wapi? Ndani ya kopo? Kopo lenyewe liko wapi? Wewe mwanaume, utanitia wazimu. Siku moja nitaondoka duniani bado natafuta mkasi."

"Sogea karibu na kipaza sauti," ilisema sauti ya baba, ya ujana.

"Nitakutupia hicho kipaza sauti." Mtoto akaanza kulia, na yule mwanamke akalainika ghafla. "Nyamaza mama, nyamaza. Si wewe. Ni baba yako."

Kisha mkwaruzo ukakatika.

Mtaalamu alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti. "Huyo mwanamke ni wewe?" aliuliza.

Mhariri alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa ameisikia sauti hiyo asubuhi nzima, ikitoka kinywani mwake mwenyewe na kugomba kwenye simu.

Alinakili faili ile kwenye flashi, akahakikisha imeingia, kisha akaishika simu vizuri.

"Baba, ule msumari wa mkasi uliupigilia lini?"

Baba alikohoa.

"Tulipotoka kumzika," alisema. "Hebu rudisha pale anaponigombeza."

Mhariri akarudisha.