Meza Moja na Baba Mkwe

Tangu aolewe kijijini Kisondela, Winfrida hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Hawakuwa na ugomvi. Mzee Asukile alikuwa wa wale Wanyakyusa wa zamani ambao kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawali pamoja. Vijana wengi walishaiacha desturi hiyo, ila mzee aliishika, na Winfrida, aliyelelewa na bibi yake kule Masukulu, hakuona taabu kuishika naye. Alipika, akapeleka chakula nyumba kubwa, akakiweka mezani, akagonga mlango wa nyuma na kutoka. Mzee akisikia mlango umegongwa, aliingia na kula. Chakula kikiisha, sauti ilisikika kutoka ndani, "Ndaga," yaani asante, kana kwamba anaishukuru meza.

Mke wa mzee alishafariki, na watu hao wawili hawakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya chakula. Nyama ikirudi haijaguswa, Winfrida alijua meno yanamsumbua, kesho yake akampikia ndizi laini na maziwa. Mzee naye akiwa na hamu ya kitu alisimama uani na kumwambia mwanawe Enosi, mume wa Winfrida, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Hivi siku hizi magimbi yamekwisha shambani?" Jioni alikuta magimbi mezani.

Aliyeichukia hali hiyo alikuwa Jenifer, dada yake Enosi. Yeye aliishi Mbeya, na kule alikuwa na kundi kubwa kwenye mtandao ambako wanawake waliweka picha za walichopika siku hiyo na za hoteli walizokwenda kula. Kila alipokuja nyumbani alirekodi masufuria ya Winfrida. Kisha aliweka uso wake mwenyewe akionja kwa kijiko na kuandika, "Leo nimempikia Baba mbalaga." Mamia ya watu wakamsifu kwa ndizi hizo alizokuwa hajamenya hata moja.

Winfrida aliziona video hizo kwenye simu ya jirani. Jenifer alipokuja tena, alikuta kila sufuria ina mfuniko na juu ya mfuniko kuna jiwe.

"Wifi, unanifunikia mimi?"

"Nafunika inzi."

"Jikoni kwa mama yangu unanifunikia?"

"Mama yako angekuwa hai ungempiga picha yeye."

Hawakusemezana tena mpaka Jumamosi, Jenifer alipokuja na sura nyingine. Alisema wameanza vibaya. Kesho baada ya ibada atawatoa wote kula Tukuyu mjini, Winfrida naye apumzike kupikia watu. "Baba haji," aliongeza. "Goti linamsumbua. Usiogope."

Winfrida hakumwamini sana, lakini alimtazama mumewe, na Enosi akaitikia kwa kichwa huku akifunga kamba za viatu. Basi akakubali. Asubuhi alimpikia mzee chakula chake kabisa, akakifunika na kukiacha mezani.

Ile hoteli ilikuwa jirani na barabara ya Mbeya, ina meza chache na harufu ya mafuta ya chipsi. Mvua ilikuwa inanyesha. Jenifer alimwelekeza Winfrida akae ndani, ukutani. Yeye akakaa pembeni yake na kuiegemeza simu kwenye chupa ya tomato sosi. Enosi alisema anarudi sasa hivi, akatoka na mwavuli. Kuku na wali vikaletwa. Winfrida alikuwa anakata paja la kuku vipande vipande aliposikia mlango ukifunguliwa na Enosi akisema, "Pita hapa, Baba. Kaa."

Aliinua macho.

Mzee Asukile alikuwa ameketi mbele yake, anafuta miwani kwa pindo la koti. Akaivaa. Wakaonana. Winfrida alivuta khanga yake kichwani na kugeukia ukuta, lakini upande mmoja kulikuwa na ukuta, upande mwingine amekaa Jenifer, na Jenifer hakusogea.

"Wifi, mkaribishe Baba chakula," Jenifer alisema kwa ile sauti yake ya mtandaoni, akitabasamu kuelekea simu. "Tuko mubashara. Watu wanataka kumwona mpishi wetu, si ndiyo maana ulinifunikia masufuria?"

"Nipishe."

"Mwekee tu kipande kimoja kwenye sahani."

"Jenifer, nipishe nipite."

Mzee alisimama. Alikuwa ametazama chini, mikono imeshika meza. Hakumsemesha Jenifer, alimsemesha Enosi.

"Uliniambia mke wako amebaki nyumbani. Umeniita nije kula, au umeniita nije kuvuliwa nguo?"

Mzee akachukua kofia yake, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Hapo Winfrida aliisukuma meza kwa nguvu mpaka mchuzi ukamwagika mapajani mwa Jenifer, akapata upenyo, akatokea mlango wa jikoni kati ya wapishi waliobaki wameduwaa na miiko mikononi. Alipanda bodaboda mpaka Kisondela akiwa bado amejifunika kichwa.

Jenifer alimfuata. Aliingia jikoni na gauni lake lenye madoa ya mchuzi.

"Umenitia aibu mbele ya watu."

"Watu gani? Mezani tulikuwa wanne."

"Watu wangu. Wanaandika kwamba kwetu ni washamba, eti mkwe anakimbia kama ameona simba."

"Umemdanganya baba yako, umenidanganya mimi, halafu mwenye aibu ni wewe?"

"Baba yangu, ndiyo. Wangu." Sauti ya Jenifer ilianza kukatika. "Mama alipofariki nilikuja hapa nikampikia wiki nzima. Alikula matonge mawili, akaniuliza, 'Yule wa Enosi yuko wapi?' Hata jina lako hakulitaja. Mtu hajawahi kukuona uso, lakini chako anamaliza. Mimi ananiona, ananiita mwanangu, na sahani yangu anaisukuma pembeni. Nilitaka siku moja tu tukae meza moja, nione kuna nini."

Hapo mtu mwingine angelainika. Winfrida alikuwa ameinama anachochea moto, na hakulainika.

"Basi ungejifunza kupika," alisema.

Jenifer alirudi Mbeya siku ileile bila kuaga mtu. Enosi akaja jikoni, akasema dada ni dada, amwombe radhi yaishe.

"Wewe ulijua?" Winfrida alimwuliza.

"Alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Nikaona labda."

"Sikuulizi ulichoona. Ulijua?"

Enosi aliinama kufunga kamba za viatu. Winfrida akampakulia, akamwekea sahani chini karibu na mlango, mahali wanapokula vibarua.

Kesho yake alipeleka chakula nyumba kubwa kama kawaida, akagonga, akatoka. Hakusikia mlango wa mbele. Jioni alikuta ugali umekauka na mboga haijaguswa. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu mzee alisimama uani amevaa koti, fimbo mkononi, akazungumza na Enosi, na Winfrida alisikia kila neno.

"Chakula hakina ubaya. Ubaya umo kwenye macho yangu. Nikishika tonge namwona pale ukutani, amekosa pa kupita. Ninaona aibu, chakula hakipiti. Nitakuwa nakula kwa Ambindwile."

Ambindwile alikuwa mdogo wake, nyumba yake ng'ambo ya migomba. Tangu siku hiyo mzee alivuka kila mchana na kila jioni, na watu wakamwona. Wengine walishaiona ile video kabla Jenifer hajaifuta. Kisimani walinyamaza Winfrida alipofika, mmoja akauliza kwa upole wa uongo kama ni kweli mzee amekataa chakula chake, na kwa nini hasa. Alijaza ndoo akaondoka. Nyumbani aliendelea kupika sufuria ileile kubwa kwa muda, kisha akaanza kutumia ndogo.

Karibu na Pasaka simu ya Enosi iliita, mwenyewe akiwa kazini kwenye kiwanda cha chai. Alikuwa ameisahau nyumbani. Winfrida aliona jina, akapokea.

"Wifi," Jenifer alisema. "Nasikia Baba amekonda. Anakula kweli?"

"Muulize mke wa Ambindwile."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi simpikii tena. Ulitaka asile changu, basi hakili."

"Sikutaka hivyo, Winfrida."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Winfrida alisikia kwamba wifi yake analia, akasubiri aone kama moyoni mwake kuna kitu kitakachosogea. Akakata simu, akaizima, akarudi kumenya ndizi za watu wawili.