Kaseti za Habsa

Mchezo ulikuwa hewani kila Alhamisi jioni, na kila Alhamisi mzee Hashi aliweka kinasa sauti mbele ya redio na kuamuru nyumba nzima inyamaze. Binti yake Habsa, aliyefanya kazi Nairobi, ndiye aliyeigiza Zaina. Sasa niambie, baba gani angeacha kumrekodi? Lakini adhana ya magharibi ikianza msikitini, Hashi alizima vyote, hata kama Zaina alikuwa katikati ya kilio. Mwisho wa kila kipindi alisimuliwa asubuhi na jirani yake Gatakaa, muuza miraa, Mkristo asiyekuwa na haja ya kuzima. Na Gatakaa hakuwa mchoyo wa kuongeza chumvi.

Huko redioni kanda zenyewe zilifutwa zamani. Zimebaki kaseti za Hashi tu, zote zimekatika mkia. Habsa naye hayupo. Mwaka wa sabini na saba alikuja Isiolo kujifungulia kwao, akafariki, akamwacha Isnino akiwa mchanga.

Isnino alipofika miaka saba, babu yake alimwambia mama yake yumo ndani ya kaseti hizo. Mtoto akasikiliza, uso ameukunja.

"Awowe," alimwambia babu, "huyu si mama. Huyu anaitwa Zaina. Anaongea kama watu wa Mombasa."

"Ni yeye. Alikuwa anaigiza tu."

"Basi mama mwenyewe alikuwa anaongea aje?"

Swali hilo lilimuuma Hashi mno, maana jibu alikuwa nalo na alikuwa amelikalia. Kulikuwa na kaseti moja ambayo hajawahi kuicheza. Aliirekodi Habsa akiwa hapo hapo nyumbani, tumbo kubwa, akijisikiliza redioni na kujicheka. Wiki iliyofuata walimzika. Tangu hapo Hashi aliiogopa kaseti ile kuliko alivyoogopa majambazi wa barabara ya Garbatulla.

Siku hiyo, baada ya chai, aliitoa sandukuni na kuiweka kwenye kinasa sauti. Zaina akalalamika weee, akamlaumu mume wake na ukoo mzima wa mume. Isnino akaanza kupiga miayo. Ndipo adhana ikasikika kwa mbali ndani ya kaseti, na juu yake sauti nyingine, ya karibu kabisa, yenye kicheko na Kiswahili cha Isiolo, ikimwita baba yake.

"Aabo, zima, adhana hiyo. Mimi najua vile inaisha, nitakuambia. Na huyu mtoto ananipiga mateke, nafikiri anataka kusikia. Unasikia, wewe?"

Kaseti ikanyamaza. Hashi alivua kofia, akajifunika uso nayo, akalia bila kumwonea mtu haya.

Isnino alisogea mpaka midomo yake ikakaribia kugusa kinasa sauti.

"Nasikia," alisema.