Namba ya Marehemu Haroub

"Hivi, Mwatum, mtu akishakufa, sauti yake huwa ya nani?"

Swali hilo aliliuliza Kijakazi, jirani wa ukuta kwa ukuta, wakati Mwatum bado kizuka, hajafika hata nusu ya eda yake. Walikuwa kitako ukumbini, sinia la karafuu mbichi katikati yao, wanachambua. Mwatum alijibu bila ya kuinua kichwa.

"Ya Mola wake, sawa na roho."

"Haya," alisema Kijakazi. "Lakini weye una bahati. Mie wangu kaniachia koti la mvua, na lenyewe limetoboka kwapani. Weye umeachiwa sauti."

Mwatum alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tokea msiba. Maana ilikuwa kweli. Maalim Haroub, Mungu amrehemu, alikuwa amemwachia sauti.

Haroub alisomesha chuo cha Kurani miaka thelathini na kitu katika kijiji chao, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mtambile. Miaka miwili ya mwisho kifua kilimbana, wanafunzi wakapunguzwa, akawa mtu wa barazani. Binti yao wa pekee, Ummi, aliyeolewa Tanga, alikuja kumtazama akamwekea katika simu programu inayoitwa Kibweta. Humo mtu anarikodi sauti na kuzipanga orodha, na hakuna azisikiaye ila aliyefungua kwa namba yake. Basi Haroub, kila akitoka kusali alfajiri, alikaa na simu juu ya mto, akasoma. Alianza juzuu ya kwanza, akaenda taratibu kama mtu apandaye kilima na mzigo, akafika juzuu ya kumi na saba. Hapo ndipo alipoitwa.

Katika zote hizo, Mwatum alikuwa na moja yake. Ile ya Surat Maryam. Katikati ya sura Haroub alifika mwisho wa aya, akakohoa, akatulia, kisha ikasikika sauti yake ya kila siku, ile ya ndani ya nyumba: "Mama Ummi, maji." Na kutoka jikoni, mbali, sauti ya Mwatum mwenyewe: "Haya, nakuja." Ummi alipokuja tena alitaka kukikata kipande hicho. Baba yake alimkataza.

"Kiache," alisema. "Na yeye kasoma na mie."

Haroub alipofariki, simu haikunyamaza. Watu wa mbali, wengine wanaume asiowajua hata kwa jina, walipiga kutoa pole. Mwatum alikuwa kizuka, na hakuona sawa kizuka kukaa na sauti za wanaume sikioni asubuhi na jioni. Hakuna aliyemwamrisha. Aliizima mwenyewe, akaifunga katika leso, akaiweka chini kabisa ya kasha, chini ya sanduku la sanda. Miezi minne na siku kumi hakuigusa. Siku aliyotoka eda, baada ya kukoga na kubadilisha nguo, aliitoa. Ilikuwa imevimba kama andazi, na haikuwaka tena. Dukani Mtambile walimwambia kwamba laini nayo imefungwa, maana imekaa muda mrefu bila ya kutumiwa, na laini iliyofungwa hivyo haifufuliwi.

"Usitie wasiwasi, Mama," alisema Ummi kwa simu ya jirani. "Sauti hazimo kwenye simu. Zimo Kibwetani, na Kibweta kiko hewani. Subiri, ntakuletea televisheni ya kisasa. Baba atakusomea ukutani."

Mwatum akasubiri. Kusubiri alikuwa akikujua.

Televisheni ilifika baada ya miezi mitano. Ridha, fundi wa televisheni na madishi, alitoka Mtambile siku ya Jumatano baada ya adhuhuri kuja kuifunga. Ridha ni mtu mzima, ana tumbo lake na maneno yake. Kijakazi alikuja na mkeka wake mwenyewe. Na Mwatum alikuwa keshatia udhu, keshajitanda, kakaa pembeni ya chumba, macho ukutani. Mikono yake ilikuwa imeshikana.

"Bi Mwatum," alisema Ridha huku akikaza skrubu, "dude hili lina akili kuliko mie."

"Hilo si jambo gumu," alisema Kijakazi.

"Nyamaza weye, nisije nikakufungia dishi la kupikia."

Televisheni ikawaka. Ridha aliiunganisha na mtandao wa simu yake, akaibadilisha lugha ikasema Kiswahili, kisha akaanza kuandika kwa rimoti, herufi moja baada ya nyengine: mshale kulia, mshale chini, bonyeza. K. I. Akakosea, akafuta, akarudi. Kijakazi alisinzia, akaamka, akakuta wamefika W. Hatimaye picha ya kisanduku kidogo ilitokea ukutani, kikafunguka kifuniko.

"Namba ya marehemu," alisema Ridha.

Mwatum aliitaja kwa moyo, tarakimu zote kumi, bila ya kusita. Maandishi yakabadilika. Mwatum alisoma skuli ya msingi tu, lakini kusoma anasoma, taratibu, kwa midomo: *Tumetuma tarakimu sita kwenye namba hii. Ziandike kabla ya dakika tano.* Chini yake saa ilikuwa ikirudi nyuma.

"Haya, nipeni hiyo simu," alisema Ridha, mkono kaunyoosha.

"Simu ipi?"

"Ya Maalim. Tarakimu zimekwenda kwenye namba yake."

Saa ilionesha dakika nne, ikaonesha tatu. Mwatum alikwenda chumbani, akarudi na leso, akaifungua. Ridha aliiangalia ile simu iliyovimba, akaikunja leso mwenyewe na kumrejeshea kwa mikono miwili. Wote watatu wakakaa wakiitazama saa mpaka ikafika sufuri. Kisanduku kikajifunga.

"Hakuna mlango mwengine?" aliuliza Kijakazi, safari hii bila ya mzaha.

"Mlango mmoja tu, na funguo imo kwenye laini ile." Ridha alijikuna kidevu. "Ngoja. Laini ikifungwa, namba mara nyengine hupewa mtu mwengine. Hebu tuipige."

Aliipiga, akaweka sauti kubwa. Ikaita.

Mwatum hakuwa tayari kwa hilo. Namba ile ilikuwa ikiita vile vile kama zamani, Haroub alipokuwa Mtambile na yeye anataka kumkumbusha sukari. Ikaita mara tatu, na mwanamme akapokea.

"Naam? Nani mwenzangu?"

Ridha alieleza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, lakini kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mwizi. Alipofika kwenye zile tarakimu sita, yule mtu alimkata.

"Yakhe, tafuta mjinga mwengine. Kila siku redioni wanatuambia tusimpe mtu tarakimu, hata akilia. Juzi juzi dada yangu kakombwa hivi hivi."

"Baba," alisema Mwatum, akaisogelea simu. "Assalaamu alaykum. Mie si mwizi. Mie ni mke wa mwenye namba hiyo. Nilikuwa eda."

"Wa alaykumu salaam, mama. Nisamehe. Lakini wale wezi pia wana mama zao, wanawatia kwenye simu." Akakata.

Kijakazi alianza kulaani. Mwatum alimzuia.

"Kasema kweli. Na mie nisingetoa."

Siku ya pili alimpigia tena, kwa simu ya Kijakazi. Hakubembeleza. Alimwambia: "Sitaki tarakimu, mwanangu. Nataka uje. Njoo na mtu wako ukitaka. Ukifika Mtambile uliza chuo cha Maalim Haroub, uliza na mjane wake ni mtu wa namna gani, kisha ukiona nafsi yako imetulia, njoo. Utaziandika mwenyewe kwa mkono wako."

Yule mtu alisema anaitwa Jaribu, yuko Wambaa, anawauzia wavuvi barafu. Hakuahidi. Alisema tu, "Nimekusikia, mama."

Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita. Mwatum alifagia chumba cha televisheni mara mbili kwa siku, na televisheni yenyewe alikuwa kaifunika kwa kitambaa alichokitarizi zamani, isije ikaingia vumbi. Kila pikipiki ikipita alisimamisha ufagio, ikapita, akaendelea.

Jumamosi baada ya alasiri moja ikasimama.

Jaribu alikuwa kijana wa kiasi cha miaka thelathini, mpole, suruali imelowa magotini kwa barafu. Alivua viatu mlangoni, akashika kofia yake ya pikipiki mbele ya tumbo kama mtu aliyeitwa mbele ya kadhi.

"Nimeuliza, mama. Watu watatu. Mmoja alikuwa mwanafunzi wake, kalia mbele yangu. Niwie radhi."

"Umefanya sawa sawa. Kaa kitako, mwanangu."

Ridha aliitwa, akaja mbio na tumbo lake. Kijakazi naye akaja, mkeka kwapani. Mwatum alimpa mgeni juisi ya ukwaju, akatia udhu upya, akakaa pale pale pake. Kitambaa kikaondolewa. Ridha akaandika namba, na simu ya Jaribu ikalia mfukoni: tiriri.

Jaribu alisoma tarakimu, akashika rimoti mwenyewe. Akakosea ya nne, akairudia. Akabonyeza. Kisanduku ukutani kikafunguka, safari hii wazi kabisa.

*Karibu, Jaribu.*

Chini yake palikuwa na orodha tatu. Mwatum alizisoma moja moja, midomo ikienda. *Za safari. Za harusi. Za kuliwaza moyo.* Alimaliza, akarudi juu, akasoma tena.

"Zi wapi za Maalim?" aliuliza.

Ridha alishusha orodha, akaipandisha. Alifungua hii, akafungua ile. Nyimbo tu. Gitaa likaanza kulia, akalizima haraka.

"Labda..." alianza Ridha, asimalize.

Jaribu alikuwa kasimama.

"Mama," alisema. "Hiyo orodha yake ilikuwa na jina?"

"Ummi aliiandika. 'Baba anasoma.'"

Jaribu alikaa tena, polepole, kama mtu anayehofia kiti hakipo.

"Nilipoinunua laini hii, miezi mitatu iliyopita, nilikitia Kibweta kwenye simu yangu. Nikakikuta kina vitu. Nilidhani ndivyo kinavyokuja, kina zawadi ndani. 'Baba anasoma', nyingi, kumi na kitu. Nikafungua moja. Mzee anasoma, mama, kisomo kizuri, cha pole pole. Nikakaa juu ya sanduku la barafu nikasikiliza. Kisha nikaona, mie humu nataka kutia nyimbo zangu za dansi. Maneno ya Mungu na dansi kwenye kisanduku kimoja? Nikaona si adabu. Nikaogopa." Aliinamisha kichwa. "Nikazifuta. Zote. Kwa heshima, wallahi, kwa heshima tu."

Ridha alimnyang'anya rimoti. "Kuna pipa! Lazima kuna pipa la vilivyofutwa!" Alitafuta, mshale kulia, mshale chini, akalipata pipa, akalifungua. Ndani palikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, na Mwatum aliusoma wa mwanzo kabla ya wote: *Vilivyofutwa hukaa siku thelathini.*

Kijakazi alifunika mdomo kwa kanga.

Mwatum hakupiga kelele. Alimwangalia yule kijana, akatafuta ndani ya moyo wake kitu cha kumlaumu, asikione. Yeye aliizima simu kwa kumwogopa Mungu. Huyu kafuta kwa kumwogopa Mungu. Hapakuwa na mlango wa kubisha, hapakuwa na mtu wa kumwendea. Ukutani kisanduku kilibaki wazi, kitupu kwa upande wake, na jina la mtu mwengine juu.

"Hiyo moja uliyoifungua," alisema, "ilikuwa ipi?"

"Sijui sura, mama. Mie kisomo changu kidogo." Jaribu alifikiri. "Lakini katikati alikohoa. Akakatiza, akaomba maji."

Mwatum alisogea mbele kwenye mkeka, kwa magoti.

"Na mwanamke akamjibu?"

"Akamjibu. Mbali. Akasema, haya, nakuja."

"Ndiyo," alisema Mwatum. "Ndiyo hiyo."

Macho yake hayakuwa ukutani tena. Alikuwa akiitazama midomo ya Jaribu, na masikio yake, kama mtu aliyeona kitu chake kwenye mkono wa mgeni.

"Basi weye ndiye wa mwisho kumsikia," alisema. "Niambie, mwanangu. Alipoomba maji, alisema vipi? Mie nilikuwa jikoni, nilikuwa na moshi na haraka, sikushika vizuri, na niliyoyasikia simuni yananipotea. Alilivuta jina langu, au alilikata? Alikuwa kachoka, au alikuwa anacheka? Hebu sema kama alivyosema yeye. Mara moja tu."

Jaribu alifungua kinywa. Wote waliona namna alivyokuwa akitafuta, macho kayafumba, shingo imeinama upande, kama aliyekaa tena juu ya lile sanduku la barafu. Kinywa kilibaki wazi, ile sauti haikumjia. Kisha akakifunga, akaiokota kofia yake chini ya kiti, akainuka, akavaa viatu mlangoni bila ya kufunga kamba, akatoka.