Jiwe Lililoishia Magotini

Namhimidi Mola aliyekipa kila kizito uzito wake na kila chepesi wepesi wake, kisha akakionyesha kila kimoja njia yake. Na rehema zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyefundisha walau herufi moja kwa ikhlasi.

Ama baada ya hayo. Katika shule moja ya wasichana pembezoni mwa Iftin, mjini Garissa, mwaka uliotangulia mafuriko makubwa, walikuwapo watu wanne wa kutajwa. Wa kwanza ni Mwalimu Mkuu Ugas, mtu wa swala na wa sheria, aliyekulia nyuma ya ngamia. Wa pili ni Dagane, mwalimu wa hisabati, mtu mzima asiyeivunja ratiba. Wa tatu ni Rukiyo, mwalimu wa fizikia, mdogo kwa Dagane kwa umri na sawa naye kwa ukaidi. Wa nne ni Istar binti Deeq wa kidato cha nne, ambaye baba yake alikwisha kumwambia: akifaulu fizikia atakwenda chuo cha utabibu, asipofaulu atarudi Kotile kwenye mbuzi.

Jumatatu moja, baada ya gwaride, Rukiyo aliingia maabara na kufuta ubao. Akachukua jiwe lililokuwa likizuia dirisha lisijifunge, akaliinua usawa wa bega ili aonyeshe jinsi mwendo wa kitu kinachoanguka unavyozidi kukua. Akaliachia. Jiwe likabaki palepale hewani.

Rukiyo akalitazama, kisha akawatazama wanafunzi.

"Mmefundishwa mteremko wa grafu?"

"Bado, mwalimu," alijibu Istar. "Mwalimu Dagane amesema ni wa muhula wa tatu."

"Basi ndiyo sababu," akasema Rukiyo, akawaambia wafungue ukurasa mwingine.

Chumba cha pili nacho kilikuwa na shida yake ya siku nyingi. Mistari aliyoichora Dagane ubaoni ilikuwa ikiteleza na kuanguka sakafuni kabla ya kengele, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kushikilia, na wasichana wa zamu waliifagia pamoja na vumbi la chaki.

Wakati wa chai Rukiyo alimweleza mwenzake habari ya jiwe.

"Walaal, ndugu yangu, limekwama kwako," akasema Dagane. "Mimi lanihusu nini?"

"Lasubiri somo lako."

"Somo langu lina zamu. Leo nitangulize mteremko kwa ajili ya jiwe, kesho wa kemia aje na ndoo yake, wa bayolojia aje na chura wake. Mimi ni mwalimu ama ni punda wa maji?"

"Punda wa maji ajua nyumba anayopelekea. Wewe mistari yako yafagiwa kila siku."

Walimu wengine walicheka, kisha wakanyamaza, maana hawakujua walikuwa wamecheka upande wa nani.

Ugas aliletewa shauri, akalipima kwa kipimo alichokijua. Kwao mnyama aliyepotea akaingia katika zizi la mtu huitwa baadi. Hulishwa, hunyweshwa na kutangazwa, wala hatiwi alama na mtu mpaka mwenyewe atokee. Ugas akahukumu kwamba jiwe ni baadi, limekutwa katika zizi la fizikia, na hisabati isiliguse. Baada ya swala ya Ijumaa likatangazwa: jiwe la kijivu, limeonekana hewani, anayelijua aje na dalili zake. Mfanyabiashara mmoja wa ngamia kutoka Banissa alikwenda kulitazama, akalizunguka, akasema si lake.

Wasichana walibaki hawajui waulize wapi. Istar alipomuuliza Dagane kwa nini vitu huanguka, alitumwa kwa Rukiyo. Alipomuuliza Rukiyo mteremko ni nini, alirudishwa kwa Dagane. Hatimaye alisimama kati ya milango miwili na kupaza sauti.

"Walimu wangu, wallahi nimechanganyikiwa! Kila mmoja anituma kwa mwenzake, kama mgeni anayeulizia nyumba isiyokuwapo."

Dagane aliwaacha kidato cha pili aliokuwa akiwafundisha. Kisha akashika chaki yake, akaingia maabara. Rukiyo alitaja mwendo na wakati, Dagane akaweka nukta, akaziunganisha. Mstari ukashika ubaoni. Na jiwe likaanza kushuka, polepole, likifuata hesabu: kifuani, kiunoni, mapajani. Istar alikuwa amekwisha kuinua mkono ili aseme kwamba ameelewa.

Ugas akatokea mlangoni. Kidato cha pili kilikuwa kikipiga kelele bila mwalimu.

"Mwalimu Dagane, hiki kipindi ni cha nani?"

"Cha Mwalimu Rukiyo."

"Na ubaoni ni mkono wa nani?"

Dagane akaiweka chaki chini. Jiwe likasimama usawa wa magoti.

"Mimi sikatai elimu," akasema Ugas kwa upole. "Nakataa mtu kutia alama ngamia asiye wake."

Muhula wa tatu Dagane aliufundisha mteremko chumbani mwake, kama ratiba ilivyotaka. Mstari ulidondoka, ukafagiwa.

Siku ya mtihani wa vitendo kila mtahiniwa alipewa kipande cha chuma akiangushe, na kila kipande kilishuka hadi magotini kikasimama. Wengi waliacha nafasi wazi. Istar aliandika alichokiona: kwamba kitu kizito hushuka hadi magotini, kisha hungoja. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka.

Deeq alikuja kumchukua.

"Jiwe gani hilo lisiloanguka?" aliuliza. "Kwetu Kotile yaanguka yote."

"Kotile hakuna ratiba, aabo."

Deeq aliwaza, asione kosa katika jibu hilo. Akambebea sanduku.

Mwaka uliofuata Ugas aliipanga ratiba kama ilivyokuwa, na wanafunzi wapya wakazoea kuinua miguu wapitapo maabara.

Ee Mola, Mwenye kukutanisha baada ya mtengano, wabariki mabinti waliobaki kwenye madawati yale. Uwalainishie walimu wao nyoyo, ubomoe ukuta uliosimama kati ya mlango na mlango, na umfungulie yule aliye na mbuzi Kotile mlango usiokuwa na bawabu. Amin.