Damu ya Kulinganishia

Fundi makochi hakuwahi kulazwa hospitali maishani mwake, na hakuacha mtu asahau hilo. Nyumbani walimwita Mbabe, nusu kumsifu, nusu kumtania. Kaka yake alipolazwa kwa kuvimba mshipa mkuu wa damu tumboni, madaktari wakaomba damu ya watu wasio na ugonjwa huo ili walinganishe na ya wagonjwa. Mbabe akajitokeza, kifua mbele.

"Mnatafuta nini humo?" alimuuliza daktari, mwanamke mpole mwenye miwani.

"Madini kidogo kidogo: zinki, shaba, seleniamu. Pia viashiria vya uvimbe. Tuone kama vinatofautiana."

"Yangu mtaikuta safi, mwanangu!"

"Haya, mzee wangu. Ila kwanza tupige picha ya tumbo, tuhakikishe u mzima."

Akalala, shati limepandishwa, akipiga soga huku daktari akicheka. Ghafla kicheko kikakatika. Daktari akarudisha kifaa cha kupigia picha pale pale, juu ya kitovu.

"Wewe na kaka yako ni baba mmoja, mama mmoja?"

"Tumbo moja. Kwani vipi?"

Akamgeuzia kioo cha mashine. "Na mshipa wako umeanza kutanuka. Bado kidogo, hatukupasui. Tutakuwa tunaupima. Ila sigara, basi."

Mbabe akashusha shati. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na damu yangu?"

"Tutaichukua. Itaingia kundi la wagonjwa."

"Zinki ikipungua, nile nini?"

"Nisikudanganye, mzee. Hatujui bado kama kupungua kwake kunasababisha ugonjwa au kunaufuata tu. Ndicho tunachochunguza."

Alipanda wodini kwa kaka yake. Shemeji yake alikuwa akimenya chungwa kando ya kitanda. Mbabe aliposimulia, kisu kikasimama.

"Kumbe umehama timu!" kaka yake akasema, kisha akaona mdogo wake hacheki. Akamshika mkono. "Kaa hapa. Unaogopa?"

"Naogopa, kaka."

"Hata mimi. Sikuwa na wa kumwambia."

Shemeji akasonga, akampisha kiti.

Kaka alipasuliwa salama, akarudi nyumbani amekonda lakini anatania. Siku ya Mbabe kupimwa tena, walikwenda wote wawili. Mshipa haukuwa umekua. Daktari alipotoka nje kuwapa habari, aliwakuta wanabishana nani alipendwa zaidi na mama yao, ikabidi asubiri.