Konokono Kwenye Nyasi za Mgeni

Mwaka hamsini na mbili konokono mgeni, mharibifu wa mazao, alionekana katika kibanja cha migomba cha Lameki, huko Muleba. Serikali ile ya mkoloni ilikuwa na haraka zaidi ya kuchoma kuliko ya kuuliza, kwa hiyo askari walifyeka migomba yake yote wakaitia moto. Lameki alipowazuia walimpiga virungu hadi jicho moja likapasuka. Jirani yake Kokwijuka ndiye aliyemwosha damu, na tangu siku hiyo mumewe Rugaibula alitembea na panga.

Kisha zamu ikawafikia wao. Bwana shamba Nathanael alitoka kituo cha kilimo cha Maruku na askari wawili, akawaacha barabarani. Kokwijuka alikuwa amejiandaa kumpokea kwa heshima. Rweya, mbuga ya nyasi ya kijiji, yote ilikuwa imeungua, hivyo alfajiri alikwenda kukata nyasi mbichi kwenye mfereji wa kitalu cha miche cha Serikali, akazitandika sebuleni kama ilivyo desturi kwa mgeni. Alitaka kumlainisha moyo. Kibanja ndicho kilichowalisha, na humo alizikwa mtoto wao wa kwanza.

Nathanael alipekua kila shina asipate kitu. Kokwijuka akashusha pumzi, akamkaribisha ndani atafune punje za kahawa za mgeni. Rugaibula alibaki uani, hakutaka hata kumpa mkono.

Mgeni hakuwa amekaa vizuri alipoinama na kuokota kitu nyasini. Alikuwa konokono mwenye gamba la manjano, lenye mstari mmoja mwekundu na tundu dogo chini.

"Ndiye huyu," alisema. "Mama, nyasi hizi umekata wapi?"

Kokwijuka alionyesha kwa kidole. "Kwenye mfereji wa kitalu chenu, bwana."

Nathanael alitikisa kichwa, akaandika upesi kwenye karatasi.

Rugaibula alichungulia mlangoni, akamwona konokono kiganjani mwa mgeni. Hakuuliza. Pigo la kwanza lilikata kiganja, la pili likazama shingoni. Kokwijuka alimng'ang'ania mumewe kiunoni, akapigwa kiwiko, meno mawili yakang'oka. Nathanael alitapatapa juu ya nyasi alizotandikiwa, kisha akatulia.

"Kibanja kimepona," alisema Rugaibula akihema.

Kokwijuka, aliyejifunza kusoma kanisani, aliokota karatasi iliyolowa.

"Makao yake ni mfereji wa kitalu chetu," alisoma, damu ikimtiririka kidevuni. "Tulimleta sisi, pamoja na miche. Vibanja vya watu visichomwe tena."

"Soma tena," alisema Rugaibula.

Akasoma tena. Kule barabarani askari walianza kumwita Nathanael.