Chapati ya Obonyo

Akumu alirudi nyumbani Kapsoya amenuna. Kazi yake ni kubuni sega la chuma linalobeba dawa ya kusafisha moshi wa magari: bati jembamba kama karatasi, linaloviringwa kama mkeka na kutiwa ndani ya ekzosi, bomba la kutolea moshi. Leo tena lori la majaribio lilitikisika kidogo tu, katikati ya sega ikachomoka kama ulimi.

Jikoni alimkuta mumewe akipika. Obonyo alikuwa ametandaza chapati, akaipaka mafuta, na sasa alikuwa akiiviringa kutoka pande zote mbili, mkono mmoja ukienda juu na mwingine chini, hadi ikawa na umbo la herufi S.

"Baba Apiyo, nani alikufundisha kukunja chapati hivi?" Akumu akamuuliza.

Akaipokonya, akasukuma katikati kwa kidole ili aifumue. Za kawaida, zinazoviringwa kutoka upande mmoja, huchomoka hapo hapo. Hii ilikataa. Akasukuma kwa hasira, ikakataa tena.

Akaitazama ile S kwa karibu. Kisha akaifunga kwenye karatasi na kutafuta funguo za karakana, akaviringe bati lake vivyo hivyo.

"Na chakula?" Obonyo akauliza.

"Umeshapika."

Ilikuwa chapati ya kwanza ya Obonyo kusifiwa, na haikufika hata kwenye kikaango.